Herufi Sita kwa Simu

Alikuwa anakohoa, fundi Chilumba, kule Mtwara Mjini,
na mtandao unamkatakata kama muhogo.
"Dada Somoe, mashine yenu ni toleo gani?"
Nikamwambia nyeusi.
"Siyo rangi. Toleo."
Nikamwambia ina kibandiko, kimebanduka nusu,
kinasema saba.
"Kibandiko ni kofia," akasema, "mtu huvaa hata ya kuazima.
Tazama ndani."

Ndani.
Nje magunia yamepangwa hadi mlango wa choo,
Bi Asumini Nambute anahesabu yake mara ya tatu,
korosho zimepimwa tangu juzi, stakabadhi haitoki,
maana programu mpya ya mizani imegoma kuingia,
inaniandikia kwa wino mwekundu: haipatani na mfumo.
Mfumo siujui. Najua mizani.
Najua gunia lililonyunyiziwa maji usiku
kwa kulishika sikio tu.

Huku Kitangari ukitaka kumjua mwanamume
humuulizi miaka. Unamuuliza
uliingia jando lipi, la mwaka wa njaa
au la mwaka ule barabara ilipokatika?
Akikutajia, umeshajua nyimbo alizofundishwa
na zipi ukimwimbia atakukodolea macho.
Nikafikiri labda fundi anauliza hivyo.
Programu imekuja na wimbo wake.
Mashine haikuwepo ulipofundishwa.

"Unakiona kitufe chenye kidirisha, chini kushoto?
Kishike. Usikiachie. Gusa R."
Kikafunguka kisanduku, kidogo
kama tundu la kukatia tiketi.
"Sasa andika ninavyokutajia.
W kama Wema.
I kama Imani.
N kama Newala."
Simu ikakatika.

Nikabaki na Wema, Imani na Newala,
kijistari kinapepesa mbele yao
kama mtoto aliyeambiwa nusu ya sentensi.
Bi Asumini akachungulia. "Bado?"
Bado.

Akapiga tena, kwa namba nyingine.
"V kama Vumilia.
E kama Eda."
(Nani humtajia mwanamke E kama Eda?
Nikaandika tu.)
"R kama Riziki. Haya, ile kubwa ya kulia, ibonyeze."

Kikaja kibao cheupe.
Nikasoma polepole, kama ninavyowasomea watu bei ya mnada:
Kumi. Toleo elfu moja mia sita na saba.
Fundi akavuta pumzi. "Ya zamani hiyo, dada.
Aliyewauzia alisemaje?"
Alisema mpya, imetoka kwenye boksi.
"Haya. Nitakuja Alhamisi na flashi. Funga."

Sikufunga. Chini ya namba palikuwa na mstari mwingine,
maandishi madogo madogo, yanasema ruhusa ya kutumia
amepewa fulani. Nikasogeza uso:
Sekondari ya Namikunde,
Chumba cha Kompyuta, Meza ya Nne.

"Fundi, kuna jina huku."
Kimya. Nikadhani mtandao.
"Nilikuuliza toleo," akasema. "Toleo umenipa."

Nikatazama vitufe. A imefutika, na S, na ile ndefu ya nafasi
ina shimo la dole gumba, dogo kuliko langu.

Nikafungua daftari la mizani, ukurasa wa nyuma,
nikaandika tarehe, nikaandika Kumi,
nikaandika elfu moja mia sita na saba,
kisha kwa kalamu ileile, meza ya nne.

Bi Asumini alikuwa amekwisha kuingia, viatu mkononi.
Nikavuta kitabu cha kaboni kutoka chini ya meza,
kimejaa vumbi, karatasi zimeshikana.
Kilo mia mbili na kumi na sita, nikamwandikia,
nikakandamiza kalamu
mpaka ifike nakala ya tatu.